Mvua Juu ya Mkondo

Shamsia alikuwa jikoni akimenya ndizi mbichi kompyuta yake ilipolia sebuleni. Aliweka kisu, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kutazama. Kazi aliyokuwa ameituma wiki kadhaa nyuma kwenye kompyuta kubwa iliyoko nchi ya mbali ilikuwa imekamilika, na picha zilianza kushuka moja moja, kwa kujivuta, maana mtandao wa Bagamoyo saa za alasiri hugombewa na kila mtu.

Hakurudi jikoni. Mumewe, Najim, fundi wa umeme wa jua, aliporejea kutoka kazini Makurunge alikuta ndizi zimeshakuwa nyeusi kwenye sinia, mtoto wao Masoud anachezea maganda chini ya meza, na mkewe ameketi mkekani mbele ya kompyuta, anacheka peke yake.

"Kuna nini?" Najim aliuliza.

"Njoo uone. Ipo! Ipo pale pale nilipodhani."

Ilikuwa ramani ya bahari, kuanzia Dar es Salaam hadi karibu na Pangani, na rangi zilionyesha mvua kubwa huangukia wapi wakati wa masika. Katikati ya mlango wa bahari unaotenga bara na Unguja palikuwa na mchirizi mwekundu, mwembamba, umelala kutoka kusini kwenda kaskazini. Huku ufukweni rangi ilikuwa hafifu tu. Mchirizi ule ulifuata maji ya vuguvugu ya mkondo unaopanda kaskazini kandokando ya pwani yetu, ukapinda pale mkondo unapopinda.

Shamsia alikuwa mtafiti wa tabianchi. Siku chache za wiki alikwenda Dar es Salaam, kwenye kituo cha utafiti kilichomwajiri, na siku nyingine alifanyia kazi nyumbani, Bagamoyo alikozaliwa. Kazi yake ilikuwa kuendesha modeli, yaani dunia iliyotengenezwa kwa hesabu. Kompyuta huigawa anga na bahari katika miraba, kisha hupiga hesabu ya joto, upepo na mvuke wa kila mraba. Miraba ikiwa mikubwa kazi huisha upesi, lakini vyote vilivyomo ndani ya mraba mmoja huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Kwa miaka mingi kituo chao kilitumia modeli ambayo mraba wake una upana wa kilomita kama mia. Sasa Shamsia alikuwa amepata nafasi ya kuendesha nyingine, yenye miraba ya kilomita nne tu.

Mama mkwe wake, Bi Shufaa, mwalimu mstaafu aliyekuwa amekuja kutoka Unguja kuwatembelea, alitoka chumbani alikokuwa akiswali alasiri akawakuta wameinamia kile kioo.

"Mnatazama nini?"

"Mvua, mama," Shamsia alimjibu, akasogea ampishe. "Hii ya kulia ndiyo modeli mpya. Hii ya kushoto ndiyo tuliyokuwa tukiitumia siku zote."

Bi Shufaa alivaa miwani. Alikuwa amefundisha jiografia karibu maisha yake yote ya kazi, na ramani haikumpita hivi hivi. Aliitazama ya kushoto kwa muda mrefu. Ilikuwa na miraba mikubwa kama vigae vya sakafuni, kila kimoja na rangi yake.

"Unguja iko wapi?"

Shamsia na Najim walitazamana.

"Haipo, mama," Shamsia alisema.

"Ati nini?"

"Haionekani. Mraba huu mmoja umebeba Fukayosi, Bagamoyo, bahari yote ya katikati na sehemu ya Unguja. Vyote vimechanganywa."

"Yaani miye nimezaliwa Makunduchi, nimesomesha Makunduchi, mume wangu amezikwa Makunduchi, na miaka yote hii nyinyi mnapiga hesabu za mvua na sisi hatumo?"

Najim aligeuza uso kuficha kicheko. Shamsia hakuthubutu kucheka.

"Ndiyo maana nimefanya hii nyingine, mama. Tazama."

Bi Shufaa alihamia kwenye ramani ya kulia. Pale kisiwa kilikuwepo, na rasi zake na hori zake. Alipeleka kidole kusini kabisa, akakituliza.

"Hapa sawa," alisema. "Hapa mtu anaweza kuzungumza." Kisha akaenda jikoni kuona kama zile ndizi zinaweza kuokolewa.

*

Kulikuwa na sababu ya Shamsia kuifurahia picha ile kiasi hicho, na sababu yenyewe ilikuwa Mlingotini.

Mama yake mdogo, Mwaija, alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake wanaolima mwani katika ghuba ndogo ya Mlingotini, kusini ya mji. Miaka ya karibuni maji ya kina kifupi yalikuwa yamezidi joto. Mwani uliofungwa kwenye kamba ulikuwa unapauka, unalegea na kukatika kabla ya kukomaa. Shirika moja lilijitolea kuwasaidia wahamishe mashamba yao nje ya mwamba, kwenye kina kirefu, ambako maji ni ya baridi zaidi na kamba huelea kwenye maboya. Liliwapa boti ya faiba na mashine yake. Kabla ya kuhama, shirika lilikiomba kituo cha utafiti kiandike ripoti: je, mvua za huko nje zina hatari gani? Maana mwani ni mmea wa maji ya chumvi, na mvua kubwa ikimwaga maji yasiyo na chumvi juu ya bahari, mwani ulioko juujuu huungua kama umemwagiwa maji ya moto.

Ripoti ilikuwa karibu kumalizika, na aliyeiandika ni mkuu wa Shamsia, Daktari Joachim. Ilisema mvua ya nje ya mwamba haina tofauti na ya ufukweni. Ilisema hivyo kwa sababu ndivyo ile modeli kubwa ilivyosema, na isingeweza kusema vingine. Ufukweni na nje ya mwamba vilikuwa ndani ya mraba mmoja.

Jumatatu Shamsia aliingia ofisini Dar es Salaam na kompyuta yake kifuani.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Shamsia. Karibu chai."

Daktari Joachim alikuwa mtu wa Rombo, mtaratibu, mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Aliteremka pwani kwa ajili ya masomo akaoa, akajenga, akabaki, ila bahari yenyewe hakuizoea. Hakujua kuogelea na hakuficha kwamba anaiogopa. Alizitazama ramani za Shamsia mpaka chai ikapoa.

"Ni nzuri," alisema mwishoni. "Lakini siwezi kuzitia kwenye ripoti."

"Kwa nini?"

"Modeli zenye miraba midogo hutia chumvi. Nilipokuwa masomoni tuliliona hilo mara nyingi. Mvua inanyesha kidogo, yenyewe inaleta gharika. Na huko baharini hakuna kipima mvua hata kimoja. Satelaiti nayo inakisia. Nitajuaje kwamba huu mchirizi wako ni mvua na si makosa ya hesabu?"

"Na ile kubwa je? Inanyesha rasharasha karibu kila siku ya masika. Wewe, Daktari, uliwahi kuona masika ya namna hiyo?"

Daktari Joachim alitabasamu. "Sijawahi. Lakini ukijumlisha mwezi mzima, inatoka sawa."

"Mwani haufi kwa jumla ya mwezi," Shamsia alisema. "Unakufa kwa asubuhi moja."

Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia, akajutia. Daktari Joachim aliinuka, akaenda dirishani, akasimama pale akitazama paa za mabati za majirani.

"Nieleze tena kwa nini mvua isimame pale," alisema bila kugeuka. "Si kwa picha. Kwa maneno."

Shamsia alieleza. Alfajiri upepo hutoka barani kwenda baharini, ule ambao wazee wa pwani huuita umande. Huko nje hukutana uso kwa uso na upepo wa kusini-mashariki. Pepo hizo zikigongana, hewa haina pa kwenda isipokuwa juu. Na ikiwa hewa hiyo imelala juu ya maji ya vuguvugu ya mkondo, inapanda na mvuke mwingi, na wingu linajengeka refu mpaka linabwaga kila kitu mahali pamoja kabla jua halijapanda. Mahali penyewe ni pembamba. Ukichora kwa mraba wa kilomita mia, joto la mkondo linachanganywa na la maji mengine, pepo mbili zinakuwa moja dhaifu, na kinachobaki ni rasharasha.

"Hilo linaingia akilini," Daktari Joachim alisema. "Tatizo langu ni kwamba makosa nayo huingia akilini."

Alirudi kwenye kiti. Kisha alifanya jambo ambalo Shamsia hakulitegemea. Alipiga simu kwa rafiki yake mmoja anayechunguza nyangumi, akazungumza naye kwa muda, akacheka mara mbili, akakata.

"Ana vinasa sauti vya chini ya maji," alisema. "Huvitumia kusikiliza nyangumi. Analalamika kila mwaka kwamba mvua inamharibia, kwa sababu matone yakipiga bahari yanapiga kelele chini kote. Tutaazima kimoja. Kelele zinazomharibia yeye ndizo tunazozitaka. Ukubwa wa kelele utatuambia ukubwa wa mvua." Alifunga faili la ripoti. "Nitawaomba shirika wanipe mpaka masika yaishe. Zaidi ya hapo sina la kuwaambia."

*

Mwaija hakulipokea jambo hilo kwa furaha.

"Mpaka masika yaishe?" alisema. Walikuwa wamekaa kwenye banda la kikundi, wanawake kadhaa wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba bila kutazama vidole vyao. "Shamsia mwanangu, huku ndani mwani unakufa. Tukikaa tunaisubiri kompyuta yako, masika yataisha na sisi tumeisha."

"Huko nje unaweza kufa pia, mama mdogo."

"Unaweza. Hukusema utakufa."

"Sijui bado. Ndiyo maana—"

"Hujui. Mimi nami sijui. Kwamba mvua huwa inanyesha huko nje, hilo naliona nikiwa hapa, wingu linaning'inia baharini na mimi nimeanika nguo. Lakini inanyesha kiasi gani, na mara ngapi, nani amekwenda kuipima?" Alivuta fundo kwa meno. "Sikiliza. Tutapeleka kamba chache nje. Nyingine zibaki ndani. Zikifa za nje, tutakuwa na za ndani. Zikifa za ndani, tutakuwa na za nje."

"Na zikifa zote?" aliuliza Adila, mdogo kuliko wote katika kikundi.

"Zikifa zote tutauza vitumbua," Mwaija alisema, na banda zima likacheka.

Shamsia aliuliza kamba za nje zitaelea kina gani.

"Juujuu. Ndivyo walivyotufundisha, ili upate jua."

"Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi," Shamsia alisema. "Mvua ikinyesha, yanakaa juu kama utandu wa maziwa, mpaka mawimbi yayachanganye. Madhara yote yako kwenye ule utandu."

Mwaija aliacha kufunga. "Kwa hiyo tukiishusha kamba?"

"Kiasi cha mkono na nusu, labda. Jua bado litafika."

"Labda," Mwaija alirudia. Aliwatazama wenzake. "Nusu ya kamba tutazishusha. Nusu tutaziacha juu kama tulivyofundishwa. Hapo tutajua."

Shamsia alitoka pale akiwa mwepesi moyoni. Alikuwa amekuja kuwaomba wasubiri, akaondoka na jaribio zuri kuliko alilolipanga mwenyewe.

Najim alitengeneza kitako cha zege chenye vyuma vya kushikilia kinasa sauti, akakifunga boya la rangi ya machungwa. Alikikagua kwa wivu wa fundi, akamwonya kila mtu asikikanyage. Wakaenda wote kukizamisha nje ya mwamba, karibu na kamba mpya, pale ambapo ukingo wa magharibi wa mchirizi wa Shamsia ulianzia. Kingine waliazima wakakiweka ndani ya ghuba, ili wapate kulinganisha.

Masika yaliingia.

*

Daktari Joachim alisema atakuja kuwasaidia kubadilisha betri, na watu wote wa ofisini walidhani anatania. Alikuja. Alifika Mlingotini kungali na giza kidogo, amevaa jaketi la kuokolea tangu Dar es Salaam, ndani ya gari.

"Mke wangu amenifunga," alieleza. "Clara ameniambia nisilivue mpaka nirudi nyumbani."

Nahodha wa boti, Rehani, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe, alimsaidia kupanda na akamkalisha katikati. Mwaija na Shamsia walikaa mbele. Boti ilipovuka mwamba na kuanza kupandishwa na mawimbi makubwa ya nje, Daktari Joachim alishika ubao wa kukalia kwa mikono miwili na kuanza kuuliza maswali mengi ya haraka haraka kuhusu joto la maji. Shamsia alielewa, akamjibu yote.

Upepo wa barani ulikuwa unawasukuma mgongoni, baridi, na harufu ya matope ya mikoko. Walikuwa wamekaribia boya ulipokatika. Bahari ikawa laini kwa muda mfupi. Kisha upepo mwingine ukawapiga usoni, wa joto, mzito.

"Daktari," Shamsia alisema.

"Nimeusikia."

Wingu lilikuwa mbele yao, pana chini na refu kuliko macho yanavyoweza kufuata. Rehani alilitazama, akapunguza mashine.

"Turudi?" aliuliza.

"Kuna radi?" aliuliza Mwaija.

"Sioni. Ni maji tu."

Wote walimtazama Daktari Joachim. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Tumekuja kubadilisha betri," alisema.

Mvua iliwafikia wakiwa wameshalikamata boya. Haikuanza kwa matone. Ilikuja imeshasimama, kama ukuta unaotembea, na katika muda wa kufumba na kufumbua hawakuonana kutoka mwanzo wa boti hadi mwisho. Mwaija na Rehani walivuta kamba ya boya mpaka kinasa kikaibuka, Shamsia akafungua mfuniko wake chini ya turubai na kubadilisha betri kwa kupapasa, na Daktari Joachim, ambaye hakuna aliyemwomba kitu, alichukua ndoo akaanza kuchota maji yaliyojaa miguuni mwao na kuyamwaga nje. Alichota bila kupumzika. Alikuwa amesahau kushika ubao.

Kulipokuwa na mwanya mdogo katika mvua alinyanyua kichwa akatazama nyuma, upande wa nchi kavu. Minazi ya Mlingotini ilikuwa inang'aa kwa jua. Moshi wa jiko la mtu ulikuwa unapanda umenyooka.

"Kule hakunyeshi!" alipiga kelele. "Shamsia! Kule kumekauka!"

"Naona, Daktari!"

Alianza kucheka. Alicheka na ndoo mkononi, maji yakimtiririka kutoka kwenye nyusi, mtu mzima na heshima zake, mpaka Mwaija naye akacheka kwa kumwona.

Wakiwa njiani kurudi, mvua imebaki nyuma yao, alikamua mikono ya shati lake, akapata tena sauti yake ya ofisini.

"Mvua moja si ushahidi," alisema.

"Sikusema neno," Shamsia alimjibu.

*

Baada ya hapo mvua za namna ile zilikuja tena, si kila siku, hata si kila wiki. Kati yake zilikuwepo siku nyingi kavu. Mwishoni mwa masika Mwaija alimpigia simu Shamsia, akamwambia aje bila kumweleza kuna nini.

Kwenye mkeka wa banda kulikuwa na mafungu mawili. Moja lilikuwa la mwani mweupe, uliolegea, unaokatika kwa kushikwa. Jingine lilikuwa la mwani wa kahawia uliokaza, wenye vichipukizi vipya.

"Huu ni wa juu," Mwaija alisema akigusa ule mweupe. "Na huu ni wa chini. Boya moja, siku moja, mkulima mmoja." Aliuinua ule mzuri, akauzungusha kwenye mwanga. "Wa ndani ya ghuba nao umekufa nusu, kwa joto. Sasa tunajua pa kwenda na namna ya kukaa tukifika."

Alimkumbatia Shamsia na mikono yake ya maji ya bahari, na Shamsia alinuka mwani mpaka nyumbani.

Kazi ya kusikiliza vinasa sauti waliifanya pamoja ofisini, yeye na Daktari Joachim, kwa majuma. Mvua ndogo chini ya maji ilikuwa na mlio mwembamba, kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Mvua kubwa ilinguruma, na ilifunika kila kitu, mashine za meli na mlio wa kamba wadogo wa baharini, jamii ya uduvi. Walipima kila ngurumo, wakaiandikia saa yake na ukubwa wake, kisha wakaweka pembeni yake kile ambacho kila modeli ilikuwa imetabiri kwa masika ya kawaida.

Siku ya kulinganisha, Shamsia hakuweza kula mchana.

Modeli ya miraba midogo ilikuwa imepatia mahali: kinasa cha nje kilisikia mvua kubwa nyingi zaidi kuliko cha ndani ya ghuba, ingawa vyote viwili vilikaa karibu kiasi cha kuonana. Ilipatia saa pia. Karibu ngurumo zote kubwa zilikuwa za alfajiri. Ile ya miraba mikubwa ilikuwa na rasharasha zake za kila siku, ambazo kinasa hakikuzisikia.

Lakini kwa ukubwa, modeli ya Shamsia ilikuwa imezidisha. Mvua zake zilikuwa nzito kuliko zile zilizonyesha, tena si kwa kidogo.

Shamsia aliweka kidole kwenye mchoro wa mwisho.

"Imetia chumvi," alisema.

"Imetia," Daktari Joachim alikubali. Hakuonyesha kufurahia. Alivuta kiti chake karibu na cha Shamsia. "Kwa hiyo mimi nilikuwa sahihi katika hilo moja, na wewe katika mengine yote. Ningekuwa wewe ningeenda kula."

"Na ripoti?"

"Ripoti tutaiandika upya. Tutasema mvua kubwa ipo huko nje, juu ya mkondo, alfajiri, na kwamba modeli yetu ya zamani haikuweza kuiona kwa sababu ya ukubwa wa miraba yake. Tutasema ile mpya inaiona ila inaikuza. Na tutasema msimu mmoja ni msimu mmoja." Alichukua kalamu. "Jina lako litatangulia."

"Daktari, wewe ndiye mkuu."

"Mimi ndiye niliyechota maji," alisema. "Jina lako litatangulia."

Jioni ile Shamsia alipomsimulia Najim, alijaribu kusimulia kwa utulivu akashindwa. Bi Shufaa, aliyekuwa amesharudi kwao, alisimuliwa kwa simu. Aliuliza maswali matatu makali kuhusu pepo, akaridhika, akasema atawaeleza wenziwe msikitini kwamba mkwewe ameikagua kazi ya Mungu kwa kompyuta. Shamsia alimwomba asiwaeleze kwa maneno hayo.

*

Kusi lilipotulia, anga ikawa safi na mwani wa kamba za chini ukavunwa. Daktari Joachim alikuja Mlingotini na Clara, mkewe, kuisoma ripoti mbele ya kikundi. Aliacha ile ya kitaalamu ndani ya gari. Aliyoshika ilikuwa kurasa chache alizoziandika kwa Kiswahili usiku kadhaa, na Clara alikuwa amezisahihisha, kwa sababu, alisema, mume wake huandika kama anayeogopa kushtakiwa.

Alisoma amesimama, na wanawake walisikiliza huku wakianua mwani uliokauka na kuupakia kwenye magunia. Alipofika kwenye habari ya kushusha kamba wakati wa masika na kuzipandisha mvua zikiisha, Mwaija alimkatiza na kumweleza ni kwa nini mkono na nusu si sahihi, ni shubiri mbili, kwa sababu chini ya hapo samaki tasi wanaula. Daktari Joachim aliomba kalamu, akaandika kando ya ukurasa. Wakabishana kidogo kuhusu shubiri ya nani, ya Mwaija au ya Rehani, na Clara akatoa mkono wake nao upimwe.

Kisha Adila aliinua kichwa kutoka kwenye gunia.

"Hiyo ni masika," alisema. "Na vuli je? Vuli upepo si huo."

Daktari Joachim alimgeukia Shamsia.

"Vuli hatujaifanya," Shamsia alisema. "Mkondo unakuwa dhaifu kidogo, na upepo unageuka kuwa wa kaskazi. Mchirizi unaweza kuhamia pengine. Unaweza hata usiwepo."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Sawa," Adila alisema, akaendelea kupakia, kama mtu aliyeagiza kitu dukani na kuambiwa kitakuja.

Chakula kililetwa, wali wa nazi na changu wa kukaanga, na kila mtu akasogea mkekani. Shamsia alibaki nyuma kidogo, ameegemea nguzo ya banda. Alikuwa ameshaanza kupanga kichwani: joto la maji la miezi ya vuli, ukubwa wa miraba, pepo za kaskazi. Itabidi ajaribu na miraba ya kati pia, aone kama kukuza kunapungua. Kompyuta kubwa itamchukua wiki nyingi. Mwaija alimwita kwa jina lake kamili, kama anavyoitwa mtoto anayechelewa mezani, na Clara akasogea kumpa nafasi. Shamsia alinawa mikono, akakaa, akamegewa samaki mkubwa.